Jina Nililolitaja Sebuleni

Majuzi nilipeleka buti zangu za baridi kwa fundi, soli ya kulia ikiwa imeachama kama mdomo wa mtu aliyesinzia kanisani. Duka lenyewe ni dogo, limebanwa kati ya kinyozi na watu wa simu. Kabla sijafika kaunta, harufu ikanipokea: gundi, ngozi, rangi ya viatu. Fundi akaniuliza tatizo ni nini, nami nikashindwa kujibu. Nilisimama pale nikivuta ile harufu, mpaka yule bwana akadhani sielewi Kiingereza, akaanza kuniuliza kwa vidole. Nilimwachia buti nikatoka bila kuchukua risiti.

Ilikuwa harufu ya bati moja la biskuti, na ya mzee mmoja niliyemponza nikiwa na miaka tisa. Nasema nilimponza kwa sababu sipendi kujificha nyuma ya utoto wangu. Kila niliyemsimulia ameniambia, "Lakini ulikuwa mtoto, hukujua." Kweli sikujua. Ila kutojua kwangu hakukumsaidia yeye kitu.

Wengi wetu tuliolelewa Minnesota na mama wa Kikenya tunazijua nyumba za watu kuliko tunavyozijua za shangazi zetu. Mama zetu walitunza wazee, na siku ambayo hapakuwa na mtu wa kutuachia, tulibebwa kazini pamoja na chakula cha mchana. Sisi tuliishi Phillips, mtaa wa wahamiaji mjini, fleti ya ghorofa ya tatu, na Baba alikuwa bado Kisumu akingoja viza. Kila Jumamosi Mama alinipakia kwenye gari letu kuukuu tukapanda kaskazini hadi Blaine, ambako nyumba zote zilikuwa mpya na hukuona mtu hata mmoja akitembea kwa miguu. Kampuni iliyomwajiri ilikataza kabisa kupeleka mtoto kazini. Kwa hiyo tukikaribia kufika, nilipewa masharti yaleyale.

"Akoth, umeskia? Usiguse kitu. Usisumbue mtu. Wageni wakikuja unaingia laundry room, unakaa hapo kwa dryer mpaka nikuite. Hii job ikiisha tutaenda wapi?"

"Okay, Mum," nilisema.

Nilimjibu kwa Kiingereza siku zote. Kiswahili nilikielewa chote, hata matusi, lakini kikifika mdomoni kiligoma. Hiki ninachokiandika leo nilijifunza ukubwani, darasani, na mwalimu wangu hadi leo husema nakiandika kama mtu anayevaa nguo za kuazima.

Mzee tuliyekwenda kumtunza alikuwa Mhindi, na alikuwa mtu wa Kisumu. Alizaliwa huko, akafungua duka huko, akafiwa na mkewe huko, kisha uzee ulipomzidi, mwanawe akamleta Blaine. Mwanawe aliitwa Dinesh. Alikuwa mtu wa kompyuta, mpole, mwenye sauti ya chini, anayetembea ndani kwa soksi kana kwamba anaogopa kuamsha mtu. Palikuwa na mke wa Dinesh, na binti yao Nisha, ambaye ndio kwanza alikuwa amemaliza chuo. Wenyewe walimwita Bapuji, yaani baba, kwa heshima. Sisi tulimwita Mzee tu.

Mzee alikuwa anasahau. Kiingereza kilimtoka kwanza. Kigujarati kilikuja na kuondoka. Kilichobaki kimesimama, na hata daktari wake hakujua kwa nini, ni Kiswahili cha dukani alichoongea na wateja wake miaka yote. Mke wa Dinesh alizaliwa India na Nisha alizaliwa hapa hapa, hawakujua hata neno la salamu. Dinesh alikulia Kisumu, lakini baba yake akimsemesha Kiswahili alimjibu kwa Kiingereza. Katika hilo nilimwona mwenzangu.

Kabla ya Mama, wasaidizi watatu walikuwa wamekuja wakashindwa. Mzee aliwapigia kelele, akakataa kuoga, akatupa sahani. Dinesh alikuwa ameshaanza kuzungukia nyumba za wazee akitafuta pa kumpeleka. Kisha Mama akafika, akasimama mlangoni mwa chumba chake akasema, "Mzee, umeamka aje?" na yule mzee akaangua kilio. Siku hiyo alioga. Siku hiyo alikula. Habari za kumpeleka mahali zikawekwa kando. Mama aliniambia garini, bila majivuno, kama mtu anayesema hali ya hewa, "Huyo mzee yuko kwa hiyo nyumba sababu ni mimi. Siku sitakuja, wanampeleka."

Mzee hakuangalia watu usoni. Aliangalia miguu. Mara ya kwanza aliponiona aliniketisha kwenye kiti chake, akapiga magoti kwenye zulia, miaka themanini na kitu, magoti yanalia, akanivua kiatu na soksi. Nilimtazama Mama nikitaka kuokolewa. Mama akanipa ishara nitulie. Mzee akavuta bati la biskuti kutoka chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ngozi nyeusi, kikopo cha gundi iliyokauka ambacho alikifungua kila asubuhi akakinusa kisha akakifunga, na vitepe vya karatasi, vingi, vimeviringishwa kila kimoja peke yake. Visu na nyundo alikuwa amenyang'anywa zamani. Akachana karatasi ya gazeti, akauzungusha ule ukanda kwenye mguu wangu, akaweka alama kwa ukucha: hapa kisigino, hapa tumbo la mguu, hapa kidole gumba. Hakutumia namba. Kila mguu ulikuwa na karatasi yake, na kila alama ilikuwa mahali ambapo mguu huo haukufanana na mwingine.

"Veve naitwa nani?"

"Akoth."

Akainua uso. "Akoth! Veve nazaliwa mvua nanyesha." Alicheka, meno mawili. "Mjaluo jina nafuata mvua, nafuata jua, nafuata usiku. Sisi nafuata kazi."

Ndipo akaanza kunitajia, na Jumamosi zilizofuata aliendelea kunitajia, majina yaleyale, kila mara kama mapya. Soni, huyo baba yake alifua dhahabu. Darji, huyo cherehani. Suthar ni seremala. Luhar yuko kwenye moto, anapiga chuma. Kumbhar anafinyanga chungu. Dhobi anafua nguo, "na hata nyinyi nasema dobi, veve naona?" Kila jina alilisindikiza kwa mikono. Aliranda mbao hewani, akapuliza moto hewani, akatunga uzi kwenye sindano isiyokuwapo huku amekunja jicho moja. Mimi nilikaa mguu mmoja hauna kiatu nikitikisa kichwa. Mazungumzo yetu yalikuwa hivyo. Yeye alisema, mimi nilitikisa kichwa.

Mwisho alijigonga kifua. "Mimi Mochi. Baba Mochi. Baba ya baba Mochi. Saba yote." Akainua vidole saba. "Nashona kiatu."

Sijui nikueleze vipi jinsi jambo hilo lilivyonifurahisha. Sisi wa Phillips tulikuwa na majina ambayo walimu waliyakanyaga kila asubuhi wakati wa kuita wanafunzi, wakaomba radhi, wakayakanyaga tena. Na sasa nasikia kuna watu ambao ukitaja jina lao tu, umeshasema wanachojua kufanya kwa mikono yao. Nilidhani ni kama bango la duka. Shuleni kwetu palikuwa na mvulana wa ukoo wa Soni, basi nikampelekea hereni yangu iliyokatika anitengenezee. Aliniangalia kama nimerukwa na akili. Akasema baba yake anauza bima. Nikarudi kwenye dawati langu nikimsikitikia yule mtoto, maana kwao walikuwa wamemficha mambo.

Lakini lililonisumbua lilikuwa nyumbani kwa Mzee. Kwenye sanduku la barua pale nje paliandikwa jina jingine kabisa, jina refu zuri la herufi za shaba. Nilimuuliza Mama garini. Akasema, "Majina ya Wahindi ni mambo yao. Wachana nayo kabisa." Sikuachana nayo. Nililifikiria wiki nzima na nikafika kwenye jibu langu mwenyewe. Katika nyumba ile kila mtu alimhurumia Mzee kwa kusahau. Walimsemesha polepole, walimwandikia vijikaratasi kwenye milango, hapa choo, hapa kabati. Nami nikaamua kwamba waliosahau ni wao. Mzee alikuwa na vitu vichache alivyovikumbuka vizuri, na kikubwa kuliko vyote kilikuwa jina lao, nao walikuwa wamekipoteza. Nilijiona nina deni la kuwakumbusha siku moja. Kiherehere changu kilianzia hapo.

Jumamosi yenyewe theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na barabara ilikuwa tope tupu. Nisha alikuwa amepata mchumba. Walipendana wenyewe chuoni, na sasa wazazi walikuwa wanakuja kuonana: baba na mama wa kijana, na bibi yake aliyekuwa ametoka India kuwatembelea. Nyumba ilinukia binzari na samli. Nisha alinipaka rangi ya kucha akiwa anangoja zake zikauke, akaniuliza kwa Kiingereza kama anapendeza. Nikamwambia sana. Alikuwa anapendeza kweli.

Dinesh alikuja jikoni kumweleza Mama. Bapuji ateremshwe saa kumi kamili, amevaa shati jeupe. Kijana atainama aguse miguu yake kuomba baraka, kama desturi yao ilivyo kwa mkubwa wa nyumba. Dakika tano, basi arudishwe juu. Alilirudia hilo la dakika tano mara mbili. Kisha akanitazama, akamtazama Mama, na Mama akaninyooshea kidole kuelekea chumba cha kufulia.

Nilikaa kwa dryer, ile mashine ya kukaushia nguo. Nataka ijulikane kwamba mwanzoni nilikaa. Lakini mlango wa chumba kile ulitazamana na sebule, na nilipousukuma kidogo niliona kila kitu. Niliona wageni kwenye makochi, yule bibi katikati na sari ya rangi ya maziwa. Nilimwona Mzee akishuka ngazi ameshikwa na Mama, nywele zimechanwa kwa maji. Wote wakasimama. Dinesh akamketisha kwenye kiti kikubwa. Yule kijana, mrefu, mwenye tabasamu la aibu, akasogea akainama kugusa miguu yake.

Mzee akamwahi. Aliteleza kutoka kitini akapiga magoti, akaushika mguu wa kijana kwa mikono miwili, akamvua soksi. Kutoka mfuko wa shati akatoa ukanda wa karatasi. Kijana akabaki amesimama kwa mguu mmoja akimshikilia baba yake begani, anacheka kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Mama akainama kumwinua Mzee, Mzee akamsukuma mkono. "Ngoja. Hii mguu iko pana," alisema. "Kiatu ya duka naumiza yeye." Alipomaliza akahamia kwa yule bibi, kwa magoti, akanyoosha mkono auguse mguu wake. Bibi akaivuta miguu yake juu ya kochi.

"Samahani sana," Dinesh alisema kwa Kiingereza. Alikuwa anatabasamu na jasho linamtoka. "Ni ugonjwa. Hajui anachofanya. Juzi alimpima mpeleka barua."

Wageni wakacheka kwa wema. Baba wa kijana akasema hata mjomba wake alikuwa hivyo, alikuwa anasalimia friji. Wakacheka tena. Na hapo mambo yangekwisha, nalijua hilo leo. Mama angempandisha Mzee juu, chai ingemiminwa, na yale mengine yangefuata. Lakini mimi nilikuwa namtazama Mzee pale chini, karatasi mkononi, akigeuza kichwa kutoka kicheko hadi kicheko, hajui wanachochekea. Moyo uliniuma kuliko nilivyoweza kuvumilia. Nikatoka kwa dryer.

"Hajachanganyikiwa," nilisema, kwa Kiingereza changu safi cha shule. "Anajua anachofanya. Hii ni kazi yake. Jina lake ni Mochi, na Mochi maana yake ni fundi viatu. Baba yake pia, na babu yake, mpaka vizazi saba. Ndilo jina la nyumba hii. Wamelisahau tu."

Nilitegemea Nisha afurahi. Nilidhani watanishukuru.

Baba wa kijana akaniuliza, taratibu, kwa sauti ya mwalimu mzuri, "Umesema Mochi?" Nami, kwa kuwa nilipenda kuulizwa swali ninalolijua, nikasema ndiyo, Mochi, na nikamwandikia hewani kwa kidole.

Mkewe akaweka kikombe mezani. Yule bibi akasema maneno machache kwa lugha yao, akitazama ukutani. Sikuyaelewa, ila nilimwona Dinesh akiyapokea. Hawakupiga kelele, hawakutukana mtu. Walikaa dakika kama kumi zaidi, wakasifu nyumba, wakauliza habari za theluji, wakaaga kwa adabu zote. Kijana aliondoka soksi yake ikiwa mkononi. Sambusa zilibaki kwenye sinia vilevile zilivyopangwa.

Gari lao lilipoondoka, Nisha alimgeukia baba yake. "Ni kweli?" akamuuliza. "Kwa nini mimi hukuniambia?" Hakungoja jibu. Alipanda ngazi, na mama yake akamfuata. Mzee alikuwa amerudi kitini mwake, anakunja ile karatasi ya mguu wa kijana, ndogo, ndogo zaidi, kama kitu cha kutunzwa.

Dinesh akaja jikoni. Nilikuwa nimejibana nyuma ya Mama, nimeshika sketi yake. Nilingoja Kiingereza. Badala yake alizungumza Kiswahili, cha Kisumu kabisa, kilichonyooka kuliko hata cha Mama.

"Mama Akoth, mtoto wako amenimaliza."

"Baba Nisha, nisamehe. Nisamehe sana. Ni mtoto."

"Mimi nimesoma Kisumu. Unajua Wahindi wenzangu shuleni walikuwa wananifanyia nini? Hakuna alikuwa anakaa na mimi dawati moja. Hakuna alikuwa anakuja kwetu. Sababu baba yangu anashika ngozi, na kwetu mshika ngozi ni mtu wa chini, mchafu. Nyinyi mlikuwa mnakuja dukani mnamsalimia kwa mkono, mnamwita fundi, mnaketi mnaongea. Wetu walikuwa wanasimama nje wanatuma mtoto." Alikuwa hapandishi sauti, na hilo lilinitisha zaidi. "Nikiwa na miaka kumi na nane nikabadilisha jina. Yeye mwenyewe alikuja na mimi kwa ofisi. Akasema, toa, mwanangu, hii mzigo itoe. Sasa ameshasahau kwamba aliitoa."

Mama aliacha kufuta sahani. Alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Dinesh akanitazama, na nilitamani sana anichape, yaishe. Akaniuliza, "Nani alikuambia tumesahau?" Nami nikaficha uso kwenye sketi ya Mama.

Kurudi nyumbani Mama aliendesha bila redio. Tulipopita daraja aliniambia, "Nilikuambia ukae kwa dryer. Si nilikuambia?" Nikasema aliniambia. Tulipoegesha akasema tena, si kwangu, "Sasa ataongea na nani?"

Jumatatu kampuni ikampigia simu. Walikuwa wamepata habari kwamba anapeleka mtoto kwa mteja. Nani aliwaambia, sijui mpaka leo, na Mama hakutaka kukisia. Wakamwondoa Blaine, wakampa onyo la maandishi na mteja mwingine, bibi mmoja mzungu aliyelala mchana kutwa. Mama aliomba aruhusiwe angalau kumwelekeza mtu atakayechukua nafasi yake, awaachie maneno machache ya Kiswahili kwenye karatasi: maji, choo, pole, njaa. Walisema hapana haja. Nyumbani alilia akiwa anamenya viazi, na nilipomkaribia akaniambia niende nikasome. Hakunichapa. Hakuwahi kulitaja tena. Ningeona nafuu kama angelitaja.

Karibu na Krismasi Nisha alimpigia Mama. Alikuwa amehamia mji mwingine. Yule kijana alimpigia Nisha simu kwa wiki mbili, akamwambia nyumbani kwao wanasema nyota zao hazikulingana, kisha akanyamaza. Hakupiga kusema hayo, ila aliyasema. Alichopigia ni babu yake. Alikuwa amewekwa kwenye nyumba ya wazee huko Bloomington tangu majira ya joto, na hataki kula, na wafanyakazi wanasema anaongea kutwa lakini hawajui ni lugha gani. Akamwomba Mama, kama anaweza, apite.

Tulikwenda Jumapili baada ya kanisa. Ndege za abiria zilipita chini chini juu ya paa, mpaka madirisha yalitikisika. Walimkalisha kwenye ukumbi pamoja na wengine, mbele ya televisheni, wote wamevaa soksi za manjano zenye vidoti vya mpira chini, zinazofanana. Alikuwa amepungua. Mama alimwita, na alipoisikia sauti yake alifumba macho. Mama akaona kifundo cha mguu kimevimba na soksi imembana. Akawaka. Akaenda kumtafuta nesi, nami nikasikia sauti yake ikipanda huko mwisho wa korido.

Nilibaki mimi na yeye, pamoja na msaidizi mmoja wa pale, dada mchangamfu aliyekuwa akikunja mablanketi. Mzee alifumbua macho akaniangalia. Hakunijua. Nilikuwa nimerefuka, na tena nadhani hata kama nisingerefuka asingenijua.

"Veve nasikia Swahili?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa bado na nguvu. Akasogeza uso, akaongea polepole, kama mtu aliyengoja zamu yake siku nyingi na sasa anaogopa kuiharibu. "Basi ambia mimi. Mimi nakosa nini? Kwa nini mtoto yangu naweka mimi hapa? Mimi nakosa nini?"

Nilikuwa nayo maneno. Yalikuwa kichwani, yamepangwa vizuri, kwa Kiswahili: hukukosa kitu, Mzee, ni mimi. Nilifungua mdomo na yakagoma, kama yalivyokuwa yakigoma siku zote. Nikasema kwa Kiingereza, "Hukufanya kosa. Ni mimi niliyesema." Akaitazama midomo yangu ikicheza, akangoja, kisha akarudia swali lake, kwa upole zaidi, akidhani labda hakulisema sawasawa.

Yule dada aliacha mablanketi. "Kumbe unamwelewa!" alisema, amefurahi kweli. "Kila siku anatuambia hivyo hivyo. Anasema nini?"

Nilimwangalia Mzee. Nilimwangalia yule dada. Mama alikuwa bado mbali kwenye korido.

"Anasema ana kiu," nikasema.

Akakimbia akaleta maji, kikombe cha plastiki na mrija. Nilikishika nikamwekea Mzee mdomoni. Hakuwa na kiu. Lakini alikunywa yote mpaka mrija ukalia, bila kuyaondoa macho kwangu, kisha akanishukuru.